Kabati la Meshi za Dhahabu

Lubumbashi, Machi 1992

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Karakana ya Pampu na Zana

Kuhusu: ulinzi dhidi ya msuguano, unaotolewa kwa upendeleo

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa na afya na kiu. Mimi ni mwandishi wa habari, mkazi wa Hewa Bora, na kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuandika juu ya vitu vinavyoharibika. Tangu uporaji wa Oktoba sijakosa la kuandika. Leo nalalamika juu ya kitu ambacho hakijaharibika hata kidogo.

Ni zile meshi sita za kutobolea chuma ulizoleta kutoka Ulaya, ulizozipanga katika kabati la kioo ofisini mwako, kwenye rafu iliyo juu ya chupa za wiski. Siku ujumbe wa mtaa ulipokuja kukuona, ulitueleza vizuri. Chuma chake ni kigumu chenyewe, ukasema, lakini juu yake kimevikwa utando wa titani na nitrojeni, mwembamba kuliko unywele mara ishirini, wenye rangi ya dhahabu. Utando huo hupunguza msuguano, kwa hiyo meshi haishiki moto wala hailiki upesi. Niliandika yote.

Kisha Mama Germaine, mkunga wa kituo chetu cha uzazi, akaomba tundu moja. Mhimili wa pampu ya kituo ulivunjika, na mafundi wako walikuwa wamechonga mwingine kutoka ekseli ya lori. Kilichobaki ni tundu la pini, na meshi za kawaida za karakana zilikuwa zinalia juu ya chuma kile, zinatoa moshi na kugeuka buluu bila kuingia. Ulimjibu kwa upole: "Mama, ile iko ya kuonyesha bageni. Haiko ya kutoboa."

"Batoto banazaliwa kila siku, patron," akasema Mama Germaine. "Habangojake bageni."

Mimi, Bwana Mkurugenzi, niko upande wako. Kitu kisichoguswa hakisuguliwi, na kisichosuguliwa hakichakai. Maabara zote za Ulaya hazijavumbua utando unaoshinda mlango uliofungwa kwa ufunguo. Linaloniudhi ni kwamba ulinzi huo unazipa meshi peke yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikono ya Mama Germaine. Anaiosha kwa maji ya mtoni, akishayachemsha kama makaa yapo. Imepasuka kwenye viungo vyote, na haina utando. Kwa kuwa kifaa cha thamani hakitumiwi, naomba apewe rafu yake katika kabati, na wajawazito waje kumtazama kupitia kioo.

2. Mtoto wa Kavugho. Mumewe, Paluku, anayeuza unga na chumvi kwa jumla, alileta kreti ya limonadi kusherehekea uzazi. Ndoo zilikuwa tupu, basi mtoto akaogeshwa kwa limonadi. Habari hii ina mashahidi wawili, na chupa nimeziona. Sisimizi walimfikia kabla ya padri. Naomba mtoto huyu aonywe. Angebaki alikokuwa, amefungiwa vizuri, hasuguani na chochote, leo asingekuwa na vipele mwili mzima. Yuko pia wa Julienne, kitanda cha pili, ambaye kitovu chake kinatoa usaha. Juu ya huyo Mama Germaine hasemi mengi, nami siongezi.

3. Mafanikio usiyoyatangaza. Njia yako imekwisha kuenea mkoa mzima na hakuna anayekushukuru. Barabara ya Lukafu, tangu malori yaache kupita, haijapata shimo jipya. Chaki za shule zina urefu uleule tangu walimu waache kulipwa. Mishahara yenyewe haijachakaa, kwa sababu haitoki. Nchi inatunzwa, na wenye kelele wanaita hali hii maporomoko.

4. Wageni wako. Hapa ndipo nalalamika kwa uchungu. Kila wanapokuja unafungua kabati, unatoa meshi, na kila mmoja anaipitisha mkononi kabla ya wiski. Vidole vya wageni vina jasho, na siku hizi vina mafuta ya kuku pia. Huo ni msuguano. Naomba waonyeshwe kabati likiwa limefungwa, na ikiwezekana taa ikiwa imezimwa.

5. Wewe mwenyewe. Kila asubuhi unapita getini katikati ya wafanyakazi ambao hawajalipwa, na sote tumesikia wanavyokukwaruza kwa maneno. Unakalia kiti. Unatia sahihi. Unachakaa, Bwana Mkurugenzi, mbele ya macho yetu, na tunaogopa kwamba ukiendelea hivi utamalizika kabla hatujapata wa kukufanania. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uingie kabatini. Ufunguo atautunza Mama Germaine, ambaye ana sababu nzuri ya kutoupoteza. Tutaleta wageni.

Nina hakika utayapima maombi haya kwa utulivu ule ule uliopimia ombi la tundu. Nisalimie bibi wa nyumbani, sekretari wako, mlinzi wa geti, mafundi wote wa zamu ya mchana, na zile meshi tano.

Wako katika kuhifadhi,

Floribert Numbi
Mwandishi wa habari, Hewa Bora

N.B. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi nilipoletewa habari inayonilazimu kusahihisha. Juzi, wageni wakiwa mezani, ulimpa mtu ufunguo akalete chupa, na pamoja na chupa kulitoka kitu kingine. Usimtafute. Nimeuliza karakana nzima, na kila fundi amekiri kwamba ni yeye. Tundu lilitobolewa bila moshi, na muda haukutosha hata kumaliza sigara moja. Tumeikagua meshi kwa kioo cha kukuza: ncha ipo, dhahabu ipo. Inaonekana ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Maji yanatoka kituoni tangu jana, na mtoto wa Julienne ameoshwa kwa maji na sabuni. Naondoa malalamiko yote, isipokuwa la tano. Meshi yenyewe imepanda lori kwenda Lukafu, ambako kuna kinu cha mahindi kinachongoja tundu. Barabara, nasikitika kusema, imepata mashimo mawili mapya. Kabati lako halina pengo: ya tatu kutoka kushoto ni meshi yetu ya kawaida, iliyopakwa rangi ya dhahabu wanayopaka misalaba ya majeneza. Wageni wakija leo, tafadhali wasiishike. Bado haijakauka.