Ukurasa wa Mwisho wa Mzee Kalafatas

Pantelis hakuwa amesoma kitabu tangu alipofukuzwa shule kwa kuwauzia wenzake majibu ya mtihani, tena majibu ya uongo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, alipokuwa akinywa kahawa karibu na soko la Bit Pazar, pale Thesaloniki, akasikia watu wazima wenye mvi zao wakigombana meza ya pili mpaka vijiko vinaruka, alidhani wanagombea urithi. Ugomvi wa urithi ni riziki ya tapeli. Akasogeza kiti.

Kumbe walikuwa wanagombea hadithi. Kitabu chenyewe kiliitwa *Sikukuu ya Wakili Zisis*, cha marehemu mzee Kalafatas. Wakili Zisis anauawa kwa sumu siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake. Na siku ya jina, kila mtu anajua, mlango hauna bawabu: hualikwi, unakwenda tu na boksi lako la vitamu, unamtakia mwenye jina miaka mingi, unakula, unaaga. Watu arobaini na saba walipita sebuleni kwa Zisis siku hiyo. Katika ukurasa wa mwisho inspekta anasema, "Ninamjua," anatoka, kitabu kinakwisha. Mwaka uliofuata Kalafatas naye akafa, muuaji hakumtaja. Tangu hapo ni miaka thelathini na minane, na wapenzi wa kitabu hicho hawajalala usingizi wa kueleweka.

Sasa mchapishaji alikuwa ametangaza kwamba mwandishi mpya, ambaye jina lake lingefichwa mpaka siku ya uzinduzi, ameandika mwendelezo, na humo muuaji atatajwa. Ndipo vijiko viliporuka.

"Marehemu aliacha chakula mezani," alisema Nestoras, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa kundi la wapenzi wa kitabu hicho. "Haiwezekani mpita njia aingie akimalizie."

"Chakula kimekaa miaka thelathini na minane, daktari, mwisho kitaota ukungu," akajibu Evlambia, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Mimi nataka kujua kabla sijafa. Ingawa ninajua. Ni daktari wa familia."

"Ni mjane wa wakili," akasema Nestoras.

"Madaktari mnalindana."

Mwingine akasema ni padri, akazomewa. Pantelis alisikiliza mpaka kahawa ikapoa, akatambua jambo ambalo wenyewe hawakulitambua: hakuna hata mmoja pale aliyetaka ukweli. Kila mmoja alitaka ukweli wake, uliopigwa muhuri na marehemu, ili awafunge wenzake midomo. Na mtu anayetaka kuwafunga wenzake midomo hulipa vizuri.

Tarehe ishirini na saba ya mwezi huo ilikuwa siku ya Mtakatifu Nestori. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, Pantelis akaingia na boksi la vitamu la utepe mwekundu, akamtakia miaka mingi, akajitambulisha kwa jina la Minas. Akaeleza, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayeona haya, kwamba marehemu shangazi yake ndiye aliyekuwa akimpigia taipu mzee Kalafatas. Hakusema zaidi. Mvuvi mzuri haitikisi ndoano.

Kabla ya jioni walikuwa wamemzunguka sebuleni. Kila mmoja alimvuta pembeni amweleze nani alimuua wakili, kwa hoja na ushahidi, na Pantelis akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua ila amekula kiapo.

Alipotoka hapo akanunua taipureta kuukuu pale Bit Pazar na bunda la karatasi zilizogeuka manjano. Akanunua na kitabu chenyewe, asome kurasa mbili tatu aishike lugha ya mzee. Alikifungua saa nne asubuhi. Saa kumi alasiri alikuwa bado kitandani, viatu miguuni, hajala. Alipofika mwisho, inspekta akasema "Ninamjua" na kutoka, Pantelis alikitupa kitabu ukutani, akamtukana mzee Kalafatas, akaenda kukiokota, akaanza upya. Siku ya tatu alikuwa na muuaji wake. Wala hakumwona kwa akili za msomaji, alimwona kwa akili za kazi yake.

Biashara ikaanza. Nestoras aliuziwa ukurasa wa mwisho, "mmoja tu duniani, uliokutwa kwenye kasha la shangazi," na humo muuaji alikuwa mjane. Evlambia aliuziwa ukurasa wa mwisho, mmoja tu duniani, na humo alikuwa daktari. Hata yule wa padri alipata padri wake. Sharti lilikuwa moja: asifungue mtu kinywa mpaka siku ya uzinduzi, maana mawakili wa mchapishaji wangekuja kuunyakua. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alikuwa anaiona siku hiyo akisimama mbele ya umati, ukurasa mkononi, mwandishi mpya akitokwa jasho. Walilipa kwa sarafu za dhahabu, zile za kutunzwa watoto wakati wa ubatizo na kuozwa nazo mabinti, ambazo kila nyumba huzificha mahali ambapo kila mwizi huanza kupekua. Pantelis alizitia kwenye soksi ya sufi. Alipanga kuondoka kwa basi la Kavala siku moja kabla ya uzinduzi, akafungue kibanda cha samaki na kuacha kudanganya watu, au angalau kupunguza.

Hakumhesabu Kaliroi. Huyu alikuwa mama mkimya, mstaafu wa duka la miwani kwa maelezo yake, aliyejiunga na kundi hilo Septemba. Alikunywa chai ya milimani, hakuwa na mshukiwa wala hakununua ukurasa. Tarehe kumi na mbili Novemba alimkuta Pantelis peke yake mgahawani, akaketi bila kukaribishwa.

"Jana ulikuwa hapa, mwanangu?"

"Nilikuwepo, mama."

"Na kahawa yako ukailipa mwenyewe, ukaondoka."

"Kuna ubaya?"

"Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Minas," akasema Kaliroi, akikoroga chai yake. "Hukumkirimu mtu hata kipande cha keki. Nimewajua mabahili wengi. Siku yao wanajifanya wagonjwa, wanasafiri, wanazima simu. Lakini kuisahau, hapana. Wewe si Minas."

Pantelis alihisi kiti kinamkimbia. Miaka thelathini katika kazi hii, amevaa majina mengi kuliko mashati, na hakuwahi kujikwaa kwenye kalenda ya kanisa. Akakusanya miguu yake akimbie.

"Kaa. Sina haja na polisi," akasema yule mama, kisha akashusha sauti. "Mwandishi mpya ni mimi. Nilikuja kuwasikiliza wasomaji. Nataka kujua kitu kimoja tu. Wewe mwenyewe, moyoni, unadhani ni nani?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Wateja wake wote walisema, yeye akasikiliza. Maneno yakamtoka mfululizo: ni mwenye duka la keki. Watu arobaini na saba waliingia kwa Zisis, na wote walibeba maboksi yake. Yeye hakutia mguu ndani, aliingia arobaini na saba kwa mikono ya wengine, na inspekta mwenyewe ukurasa wa kumi na mbili alimshukuru kwa utepe mzuri. "Mtu anayeibia mji mzima, mama, ni yule ambaye mji mzima humwambia asante. Mimi nayajua hayo."

Kaliroi akaweka kikombe chini. Uso ulikuwa umempauka.

"Nani kakwambia?" akauliza, na kabla hajajibiwa akaondoka, mwavuli ameusahau.

Wiki nzima Pantelis hakula. Alimfuata na mwavuli wake mpaka kituo cha treni, mpaka sokoni, mpaka mlangoni mwa kanisa, mama akimkwepa. Hatimaye mama akakiri: mchapishaji alimpa ukurasa halisi wa mzee Kalafatas uliofungiwa kwenye kasha la chuma, kisha akamwamuru abadilishe muuaji kwa sababu yule wa mzee asingeuza. Ukurasa alikuwa nao. Angeuchoma.

"Niuzie," akasema Pantelis.

Mama akakataa. Pantelis akampa sarafu moja, akakataa. Akampa tano, mama akatokwa na machozi, akasema kumbukumbu ya marehemu haiuzwi. Hapo tapeli mwenye miaka thelathini kazini akampigia magoti ajuza mbele ya kanisa na kumwekea mikononi soksi nzima. Mwosha huoshwa, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba mwoshwaji hujiletea maji mwenyewe.

"Basi chukua," akasema Kaliroi kwa huzuni. "Ila usifungue kinywa mpaka siku ya uzinduzi."

Aliusoma barazani kwa watu, akijikinga mvua. Mwenye duka la keki. Pantelis akalia kwa furaha, akaubusu ukurasa.

Basi la Kavala liliondoka bila yeye. Siku ya uzinduzi alikuwa kwenye ukumbi wa duka la vitabu, karibu na mlango kwa mazoea, akimsubiri Kaliroi apande jukwaani. Akapanda kijana mwembamba mwenye mafua, akasema yeye ndiye mwandishi, akapenga kamasi. Pantelis akatafuta kwa macho safu kwa safu. Kaliroi hakuwepo. Tapeli mwenzake alikuwa ameshapanda treni zamani, yeye na soksi ya sufi.

Kijana akasoma sura ya mwisho. Muuaji alikuwa mdogo wake wakili, mtu aliyetajwa mara mbili tu. Ukumbi ukalipuka. Nestoras akasimama na ukurasa wake wa manjano. Evlambia akasimama na wake. Wakasimama tisa. Wakatazamana, wakapokonyana karatasi, wakasoma, wakaelewa wote kwa pamoja.

Vichwa vikageuka mlangoni. Mwenye duka la vitabu alikuwa ameshapiga simu polisi.

Hatua moja tu ndiyo iliyomtenga Pantelis na barabara. Alikwisha kushika kitasa. Ndipo kijana wa jukwaani, akijitetea, akasema kila mtu ana mshukiwa wake, na angalau yeye hakuja na upuuzi wa mwenye duka la keki.

Pantelis akaachia kitasa.

"Upuuzi?" akasema, akirudi ndani. "Hizo zenu nimezipiga mimi, kwa taipureta ya Bit Pazar, nakiri. Lakini tazameni ukurasa wa kumi na mbili. Utepe ulifungwa na nani?"

Watu wakaanza kufunua vitabu. Walikuwa wamemjia wamshike mashati, wakajikuta wanamsogezea kiti. Polisi wawili walipoingia walimkuta katikati ya ukumbi, amepanga viatu vya watu sakafuni badala ya maboksi.

"Tapeli ni nani?" wakauliza.

"Huyo," akajibu Nestoras, bila kuinua macho kutoka kitabuni. "Ila mngojeni amalize."

Pantelis akamaliza. Miaka thelathini watu walimwamini akisema uongo. Siku hiyo, pingu zikimsubiri, alikuwa amesema anachokiamini kwa moyo wake wote, jasho likimtoka, sauti ikimkauka. Akamtazama Evlambia.

Evlambia akafikiri, akafunga kitabu, akatikisa kichwa.

"Umeongea vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini ni daktari."