Enzi za Waingereza Kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi mawingu, upepo mwanana.
Mwalimu wa darasa la jioni ametangaza mtihani wa fasihi ya kale ya Kiingereza. Wa mdomo! Sehemu ya kwanza Ijumaa, ya pili Jumatatu ijayo. Mshindi anapelekwa chuo cha ualimu. Nafasi moja tu. Tunaoitaka kufa na kupona tu wawili: mimi na wifi yangu, ninayekaa naye nyumba moja, ambaye hajawahi kufungua daftari bila kusinzia.
Tarehe hazinikai kichwani. Lakini nimepata mbinu. Nitaanika nguo kwa mpangilio wa enzi!

Jumanne, 5 Machi. Jua.
Kamba imejaa. Kwanza mablanketi: Kiingereza cha kale, baridi, watu wanaimbiana habari za mashujaa ukumbini, watawa wanakuja kuziandika baadaye. Kisha suruali za mume wangu: 1066, Wanormani kutoka Ufaransa wanavuka maji, wanakalia kila kitu. (Zinafaa.) Halafu mashuka: Kiingereza cha kati. Mwisho mashati: 1476, mashine ya kuchapa imefika. Nataja kila enzi kwa sauti nikibana vibanio.
Najiuliza, nguo za watawa wale alifua nani? Kitabu kimya.
Wifi, dirishani, aliuliza nimepatwa na nini, mbona nafua na kuhubiri. Nikasema ni usafi tu, wifi yangu.

Jumatano, 6 Machi. Jua tena.
Ajabu! Mashairi yao ya kale hayakutegemea vina vya mwishoni. Zilizofanana ni sauti za mwanzo wa maneno. Nimejaribu: "Wifi mwenye wivu, wivu wake waziwazi." Shairi halali kabisa la karne ya nane! Wifi kaniomba nirudie, na nisiharakishe pale kwenye mashuka.

Alhamisi, 7 Machi. Mvua ya ghafla.
Nilikuwa dukani. Wifi akaanua zote, mvua ilipokatika akazianika upya kwa upana, nguo pana kwanza. Suruali baada ya mashati! Nilimshukuru kwa meno tu. Kuzipanga tena mbele yake kungefichua siri. Nikaziacha.

Ijumaa, 8 Machi. Ukungu.
Mwalimu aliniuliza nini kilifuata Kiingereza cha kale. Nikafumba macho, nikaiona kamba. Wanormani wangu wakafika baada ya mashine ya kuchapa! Mwalimu akauliza kama waliachwa na meli. Darasa hoi kwa vicheko.
Wifi naye alifumba macho. Vidole vikicheza kama vinabana vibanio, akamwaga enzi zote bila kukwama. Wanormani, alisema, "walikalia kila kitu". Maneno yangu! Kayaokota wapi?

Jumamosi, 9 Machi. Manyunyu.
Kosa nimeliona: nguo hunyeshewa. Sufuria hazinyeshewi! Nimezipanga rafuni, kubwa hadi ndogo, nikitaja kila enzi kwa sauti. Wifi amejitolea, bila hata kuombwa, kupika hadi Jumatatu. Nimekubali upesi kabla hajabadili mawazo.
Nalala saa tatu kasoro robo, roho kwatu.