Ramani Yangu na Shangazi wa Simu

Jumatatu, tarehe 6

Tumepakia tangu asubuhi. Vyoo vya kukaa, vyeupe, na masinki yake, kila kimoja kimevishwa majani makavu kama yai. Mgongo si wangu tena. Ila moyo mwepesi, kwa sababu nimeiona karatasi ya safari. Mzigo unakwenda mji wa kaskazini. Mara ya kwanza katika miaka mitatu ya utingo, lori litapita karibu na kwetu.

Binti yangu wa mwisho nilimwacha anatambaa. Sasa anahesabu hadi ishirini, ila kumi na mbili anairuka. Kila jioni mama yake hunipigia, naye hunisalimia: shikamoo baba wa simu. Juzi aliuliza kama baba ana miguu.

Ningeweza kumwomba dereva tukate kona. Lakini ukiomba kwenda kumwona mtoto utaulizwa mbona hukwenda siku zote hizo. Jibu sina. Akili ninayo.

Dereva wetu tunamwita Breki. Hukanyaga breki hata akiona kivuli cha kuku. Haendi popote bila yule mwanamke wa ndani ya simu yake anayesema kata kushoto, kata kulia. Amempa jina la Shangazi. Akiambiwa kata, hujibu: sawa mama.

Mpango ni huu. Shangazi anyamaze, ramani yangu ya karatasi ishike usukani, na mwenye ramani ni mimi.

Nimeanza leo kwa kuisifu. Nimesema karatasi haiishiwi chaji. Breki akasema hata jiwe haliishiwi chaji, na hajawahi kuona mtu analiuliza jiwe njia.

Jumanne, tarehe 7

Waya wa chaji niliutia kwenye soksi mapema. Saa nane mchana simu ya Breki ikazima. Shangazi alikata roho katikati ya sentensi, aliposema baada ya mita mia.

Nikaitoa ramani. Nilipewa na mpima ardhi mmoja niliyembebea vyombo vyake. Imekuwa rangi ya chai, inanuka kwapa. Kwetu palikuwa na nukta ndogo nyeusi. Nimeiwekea kidole gumba kila jioni, mwaka wa tatu huu, sasa pana tundu.

Breki hakuitupia hata jicho. Akasimama kwa fundi wa matairi, akaomba waya, akachaji simu, akanywa chai mbili. Alisema Shangazi alichoka tu, naye ni binadamu. Nilimwambia si binadamu. Akaniambia nisiseme hivyo mbele yake.

Jioni, tulikofikia, nikavua viatu huku nawaza mpango wa pili. Waya ukaning'inia kwenye kifundo cha mguu. Breki akautazama. Akasema pole sana, naona umekung'ang'ania, labda damu zenu zinapatana. Akautoa taratibu, akaufuta kwa shati lake, akaniambia soksi hizo ama zifuliwe ama zizikwe.

Hakuuliza kwa nini. Hilo ndilo limenikosesha raha.

Jumatano, tarehe 8

Bahati. Milimani mtandao umepotea. Shangazi alizunguka, akazunguka, akanyamaza. Breki alimbembeleza mara tatu, jaribu tena mama. Kisha akanigeukia. Haya mkubwa, toa kitambaa chako.

Kwetu nimezoea kuingilia upande wa mtoni. Upande huu wa milimani sikuujua. Lakini ramani ilikuwa na mstari wa kahawia, kutoka lami tuliyokuwemo mpaka kwenye tundu langu, umenyooka kama rula. Hauna kona hata moja. Nikamsifu moyoni mhandisi aliyeijenga barabara hiyo. Nikasema kata kulia hapa.

Breki akakanyaga breki, akauliza kama nina hakika. Nikasema imechorwa na wasomi.

Tukakata. Barabara ikawa njia. Njia ikawa kijia katikati ya alizeti. Kijia kikawa alizeti. Magurudumu ya nyuma yakazama kwenye udongo wa mvua ya juzi.

Akaja mama mmoja mwenye shamba, jembe begani. Akatusalimu vizuri, akauliza ni nani kaagiza vyoo vyote hivi shambani kwake, maana yeye ana kimoja na kinamtosha. Nikamwonyesha ramani, nikamwonyesha barabara. Akalowesha kidole kwa mate, akausugua mstari. Ukatoka. Akaikunja ramani, ikajikunja palepale.

Akasema hii si barabara, mwanangu. Huu ni mkunjo. Hii kahawia ni jasho lako.

Kisha akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Breki hakucheka. Aliangalia pembeni, mabega yakimtetemeka.

Tukapakua nusu ya mzigo ili lori liwe jepesi. Vyoo arobaini tukavipanga kati ya alizeti, vikawa kama wajumbe wanamsubiri mwenyekiti. Mama mwenye shamba akaketi juu ya kimoja, akasema kikao kimefunguliwa. Kimoja kikaniteleza, kikapasuka.

Jioni tukiwa bado kwenye tope, simu yangu ikalia. Ni ya vitufe, hushika mtandao hata kaburini. Mikono yangu ilikuwa matope matupu, Breki akaipokea, akasema haloo. Mtoto akamsalimu, shikamoo baba wa simu, kisha akauliza mbona leo sauti imekuwa nene, umo kwenye simu ya nani?

Breki akaniangalia. Akamwomba ampe mama. Akamuuliza mke wangu kwetu ni wapi, akaandika majibu pembezoni mwa ramani, polepole, akisema ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Alipomaliza akaniuliza mbona sikusema.

Nikamjibu kwamba tope linakauka, tusukume.

Alhamisi, tarehe 9

Maelekezo ya mke wangu hayamo kwa Shangazi wala kwenye karatasi ya msomi yeyote. Rudini lami. Piteni zahanati yenye geti la bluu. Mkiona josho la ng'ombe mmepitiliza. Kateni kushoto penye mti mkubwa uliokatwa mwaka juzi.

Breki alikuwa amemuuliza atauonaje mti ambao haupo. Aliambiwa ataona palivyo peupe. Tulipofika tuliona. Palikuwa peupe kama pengo la jino.

Shangazi alifufuka tulipogusa lami. Tulipoiacha akaanza: geuza, geuza. Breki akamwambia subiri mama, kuna mtu anakwenda kwao. Akailaza simu kifudifudi pajani, kama unavyomfunika mtoto.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu, yote yakaruka. Binti akajificha nyuma ya kanga yake. Akaambiwa huyu ndiye baba. Akakataa. Akasema baba yuko kwenye simu. Akaingia ndani, akaitoa simu, akaikumbatia, asije mtu akamnyang'anya baba yake.

Breki akabembeleza. Mama yake akabembeleza. Nikatoa biskuti, akazichukua, bado akakataa.

Nikaenda nyuma ya lori, nikapiga simu.

Akapokea. Shikamoo baba wa simu. Nikasema marahaba. Akaninong'oneza kwamba kuna mtu wa matope amekuja, anataka kuwa wewe. Nikamwambia aifuate sauti. Nikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Nikasikia ndala zake kwenye changarawe. Nilipofika kumi na moja alikuwa kwenye gurudumu la nyuma, simu sikioni. Nikairuka kumi na mbili. Kumi na tatu ikatoka pande mbili.

Akaitazama simu. Akanitazama. Akakata simu.

Kisha akanishika goti, akalibonyeza kama anayechagua papai. Akamgeukia mama yake, akamwarifu kwamba anayo. Yote miwili.

Tumekaa mpaka alasiri. Mke wangu amesema nimekonda, na kwamba uongo wangu umezidi kuwa mbovu, maana Breki alishamsimulia habari ya mkunjo. Choo kilichopasuka tumekiacha uani. Binti amekifanya kiti chake, hataki mtu akikalie isipokuwa baba mwenye miguu. Wakati wa kuondoka hakulia. Aliuliza tu kama naenda na miguu yote.

Ijumaa, tarehe 10

Tumefika na mzigo tukiwa tumechelewa nusu siku. Mtunza ghala akahesabu, akakuta kimoja hakipo. Mimi nikaanza kutunga hadithi ya nyuki waliotuvamia njiani. Breki akanikata. Akasema alikivunja yeye, kwa kufunga breki. Mtunza ghala akaamini papo hapo. Breki zake zinajulikana mpaka huku.

Ndani ya lori nikamshukuru. Akasema shukrani si kitu, mdomo ndio kitu. Kama ungesema Jumatatu, Jumatano ungelala kwako. Akasema naye ana watoto, wamekua, hawampigii tena. Ndiyo maana anaongea na Shangazi. Akaniambia safari nyingine fungua mdomo tu, bwana. Mimi ni dereva, si hakimu.

Nimemwahidi. Nimesema nimejifunza. Nimeapa mpaka kwa jina la mama yangu.

Jumamosi, tarehe 11

Tunarudi lori likiwa tupu. Njia ni ileile. Zahanati ya geti la bluu tutaipita kesho.

Asubuhi Breki aliwasha injini, hakutia gia. Akaniuliza kama nina neno lolote kabla hajamwamsha Shangazi. Nikasema sina. Akarekebisha kioo. Akafuta kioo. Akauliza tena, hakuna mahali popote ambapo ningependa tupite? Nikasema tufuate barabara tu, ndugu yangu. Akapumua kwa nguvu, akatia gia.

Ni mtu mwema, lakini hili halielewi. Kuomba mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza unaulizwa mbona hukwenda miaka yote. Mara ya pili unaulizwa si ulikuwa huko juzi?

Wala sihitaji kumsumbua. Alipokuwa anapiga mswaki niliilowesha ramani, nikainyoosha juu ya boneti ikakauka, nikaikunja upya. Mara hii mkunjo unapita mlangoni kwetu.