Radi ya Mwezi wa Saba na Mkanda wa Mama Coleta

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye bado yuko njiani kutoka Namanyere, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, shikamooni, wadau wa maendeleo, wenyeviti wa mitaa ya Chanji, Izia na kwingineko, mama lishe, ambao harufu ya maharage yenu imefika kabla ya wageni, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Upepo unachukua kofia ya mtu.)

Mimi, Nikodemo, Mratibu Mkuu wa Mradi Mkakati wa Kuibua, Kuchakata na Kuapulodi Video na Muziki wa Kale wa Ufipa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, pengine mkubwa kuliko wa mratibu mwingine yeyote nchini. Mtakumbuka kwamba mwaka jana, nikiwa ofisini katika majukumu mazito ya kuperuzi simu, nilikutana na video ya zamani, ya harusi ya mahali nisipopajua, ambamo mpiga tarumbeta kavaa suruali pana inayofagia jukwaa, mpiga kinanda kasinzia huku kidole kimebaki palepale, na mbuzi anakuja taratibu, kama mwalikwa, anakula shada la bibi harusi. (Kicheko.) Nilicheka mpaka katibu muhtasi akadhani nimepandishwa cheo. Nikatafuta nyingine, nikapata kwaya iliyoimba wimbo mzima imeipa kamera mgongo. Nikatafuta nyingine, siku ya kazi ikaisha, na hapo ndipo dira ilipozaliwa: kwa nini dunia imcheke mbuzi wa watu, wakati Ufipa ina mbuzi wake? (Makofi. "Sema, baba!")

Ndipo nikawaagiza mlete mikanda yenu ya video, ya harusi, ya kipaimara na ya ngoma, nanyi mkaitikia kwa asilimia mia moja na kumi na nne, jambo ambalo kitakwimu halijawahi kutokea. Nikaahidi seva ya kisasa na platifomu jumuishi, ili kila mwananchi abonyeze simu yake na kumwona babu yake akicheza.

(Mama mmoja anasimama. "Mheshimiwa, mimi ni Coleta wa Izia. Mkanda wangu uko wapi? Mle ndani marehemu mume wangu, Tito, anacheza siku ya harusi yetu mpaka suruali inataka kumvuka, na yeye anacheka tu. Sina picha yake nyingine akicheka.")

Swali zuri sana, mama yangu, na mradi umelipokea. Naomba niwataarifu, kwa masikitiko, kwamba wiki iliyopita seva yetu, pamoja na mikanda yote, ilipigwa radi. Radi kubwa.

(Mzee Flavian, kutoka safu ya mbele: "Radi mwezi wa saba? Mvua iko wapi?")

Mzee wangu, mimi ni wa kuja. Huko kwetu Mbeya niliambiwa radi ya huku haina msimu. (Kicheko kikubwa. Mzee Flavian: "Ya mwezi wa saba ina mwenyewe aliyeituma, mheshimiwa. Asitoke mtu uwanjani. Kila mmoja aape, na mwongo radi imrudie, tuanze na wewe uliyeiona." Kelele: "Aape! Aape!")

Ndugu wananchi, tusifike huko. Suala la kuapa halimo kwenye mpango kazi. Hebu tuchangamke kwanza: nikisema "video za kale", mjibu "fahari ya Ufipa"! Video za kale! ("Mkanda wa Coleta!") Ufipa ya kidijitali! ("Mkanda wa Coleta!")

Haya. Kwa kumalizia, nawashukuru wazee wanaonitazama bila kupepesa. Naishukuru na radi, ambayo haikupiga kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kupigwa: seva haikununuliwa, platifomu haikujengwa, na mradi wenyewe, ndugu zangu, ni mimi na bango hili la nyuma yangu. Mikanda yenu imo kwenye gunia chini ya meza yangu ya ofisini. Huwa naweka miguu juu yake, maana baridi yenu haina adabu.

(Mama Coleta: "Kwa hiyo wa kwangu haujaungua?")

Haujaungua, mama. Hakuna aliyeugusa.

(Vigelegele. Mama Coleta anacheka huku akijifuta macho kwa khanga. Wananchi wanambeba mheshimiwa juujuu kuelekea ofisini.)

Asanteni! Asanteni sana! Katika utumishi wangu wote sijawahi kushangiliwa hivi kwa mradi uliokuwepo! Taratibu, jamani, kiatu changu!