Dirisha la Kuapia

Dakota, Jumatatu, 4 Mei 1885

Dada Ragnhild, salamu nyingi kwa jina la Bwana. Mgongo wako vipi? Na kile kikohozi? Mimi mzima, ila upepo wa huku umenila nusu. Nitaandika karibu kila siku hadi posta ipite.

Ijumaa naenda mjini kuapa mbele ya ofisa wa ardhi. Miaka mitano nimelima nyika hii kavu ya serikali. Nikiapa vizuri, shamba ni langu. Nikikwama, natoka. Sheria inataka ardhi iliyolimwa (ipo), mashahidi wawili (wapo), na nyumba yenye dirisha la kioo. Hilo la dirisha nimekuwa nikisema kesho tangu 1880.

Shahidi wa kwanza ni jirani yangu Osmund, mtu wa watu. Wa pili ni Halvor Tveit, mzee wa kanisa, anayelimezea mate shamba langu kwa ajili ya mpwa wake. Jana, nje ya kanisa, akapaza sauti: "Bi Ingerid, ile ni nyumba au shimo? Shimo ni la panya, si la Mkristo!" Watu wakacheka. Nikamsamehe papo hapo. Karibu.

Lakini hila nimepata! Mke wa Osmund ana dirisha la kuazimisha.

Jumanne, 5 Mei

Dirisha limefika. Nimetoboa ukuta. Kwa kuwa nyumba ni ya mabonge ya udongo na nyasi, ukuta umetoboka kuliko nilivyokusudia. Kitanda kimefukiwa. Hewa nzuri sana.

Jumatano, 6 Mei

Msiba! Maksai wangu Brand kaona ndani ya nyumba maksai mwingine mwenye jeuri kama yake. Kampiga kichwa. Sasa nina fremu tupu.

Nimelia. Nimeomba. Nimefikiri. Nitaisugua fremu hadi waseme kioo ni safi mno, hakionekani.

Katika kusugua nikakuta herufi za mwanzo za majina zimechongwa kwa kisu upande wa chini. Nusu ya usharika wetu! Wote wameapia dirisha hili hili. Za mwisho: H.T., 1884. Ahaa!

Alhamisi, 7 Mei

Halvor kaja kukagua. Kanikuta nafuta hewa kwa kitambaa, kwa bidii. Akakiri kwamba kioo kinang'aa. Nikasema ni sabuni tu.

Ndipo upepo ukavuma. Kofia yake ikaingia dirishani, ikatokea mlangoni, ikaenda zake.

"Mama wee! Kesho nasema nilichokiona!"

"Sema, baba. Na mimi nitasema nilichokisoma."

Nikamwonyesha herufi. Akawa mwekundu hadi masikioni, akaenda kutafuta kofia.

Ijumaa, 8 Mei

Ofisa akauliza kama nina dirisha. Nikaapa kuwa lipo ukutani. Kweli tupu. Osmund akaapa kwamba mkewe analijua vizuri. Halvor, kichwa wazi, akaapa kwamba tangu azaliwe hajaona dirisha linaloonyesha nje kama lile.

Shamba ni langu, Ragnhild! Nililia hadi ofisa akanipa leso. Na hakuna aliyesema uongo, Bwana asifiwe.

Jumapili, 10 Mei

Mahubiri yalikuwa juu ya wenye hila. Yalimhusu sana Halvor. Nilimtazama muda wote ili asikose neno. Mke wa Osmund anataka dirisha lake. Nimemwambia sehemu kubwa iko salama.

Sasa sikia hili. Serikali inatoa shamba jingine kubwa vilevile kwa atakayepanda miti. Huku ndege hana hata pa kutua! Lakini nimesomewa sheria mara mbili: inasema miti. Majani haikuyataja kabisa. Basi nimepanda mipini thelathini ya mafagio, mistari mitatu iliyonyooka kama kamba. Miti ni miti. Na shahidi, nimekwisha kumwambia Halvor ajiandae.

Brand keshajikuna kwenye tisa, ikang'oka.

Tafadhali nijibu upesi, uniambie kama umewahi kuona mpini wa fagio ukichipua.