Nilivyopima Mnyauko wa Nyanya Mbele ya Wageni

Leo nimeaibika, tena nyumbani kwangu, nyuma ya jiko.

Nina kabustani ka nyanya hapa Kiomboi. Msimu uliopita bakajani, ule ugonjwa wa madoa unaokausha majani, ilipita mtaa mzima, zangu zikapona. Nilikuwa nakata majani ya chini, nimezisimamishia miti, na maji namwaga kwenye shina tu bila kulowesha majani. Tangu hapo akina mama wa kikundi chetu wananiita daktari. (Sikuwakataza.)

Juzi miche ya upande wa jikoni ikaanza kunyauka mmoja mmoja. Nikasema huu ni mnyauko wa bakteria, ule usio na dawa. Unang'oa na kuchoma, basi. Siku hiyohiyo jirani yangu Mama Eliza akanitumia picha ya nyanya yake iliyolegea. Nikamjibu bila hata kwenda kuiona: "Ng'oa haraka, itaambukiza nyingine." Akang'oa.

Leo asubuhi nikamwita yeye na wenzake niwaonyeshe kipimo. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Misigiri kutibiwa macho, tulimwacha ndani anakunywa uji.

Nikang'oa mche ulionyauka, nikakata shina, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi.

"Tulieni," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Kama ni mnyauko, mtaona kitu kama maziwa kinashuka."

Tukatulia. Tukaangalia. Hakikushuka kitu.

"Wakati mwingine huchelewa," nikasema. (Sijui nililitoa wapi hilo.)

Mlango wa jiko ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka na sufuria inayofuka mvuke.

"Shikamoo, mama," tukasema wote.

"Marahaba, wanangu."

Akapita katikati yetu, akainama kwenye nyanya iliyofuata, akamimina maji yale kwenye shina. Polepole, mpaka yakaisha.

"Mama," nikasema, "hayo maji..."

"Ya moto. Kuna wadudu weupe chini ya majani, mkamwana, nimewaona." (Huyu ndiye mgonjwa wa macho.) "Kila asubuhi nawapa kidogo. Nimesema nisikae bure na wewe unahangaika."

Mngesema nini? Mimi nilisema, "Asante sana, mama."

Akarudi ndani ameridhika kabisa. Wenzangu walikuwa wameziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Mama Eliza peke yake hakucheka. Akanisogelea.

"Sasa ile yangu ilikuwa na nini?"

"Ulikuwa unaimwagilia?"

"Bomba halitoi maji tangu Jumapili. Na ilishaanza kuzaa."

Nimemhamishia miche yangu ya upande wa pili, ile mizima, na nimeipanda kwa mikono yangu. Mama mkwe nimemwomba anichambulie mchicha, akakubali, amekaa barazani mbali na jiko.

Chekeni tu, nimewazoea. Ila picha za majani yaliyolegea msinitumie tena, kwanza mwagilieni.