Bitana ya Kibofu

Naseeb aliposhuka kwenye treni Mpanda, macho yake yalitua kwenye foleni ya choo cha stesheni. Ilikuwa ndefu. Akina mama wamebana miguu, wazee wanasukumana, kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Akamshukuru Mungu kwa dhati, kisha akaenda kutafuta chupa tupu.

Siku ya treni ya kurudi Kaliua, alikuwa amesimama juu ya benchi palepale, amevaa suti jua likiwaka. Chupa zilijaa maji ya bomba yaliyotiwa majani ya chai yaliyokwisha kutumika.

"Kibofu, ndugu zangu, ni mfuko," alihubiri. "Na mfuko wa mkojo una bitana, kama koti hili. Ukiwa mtupu, bitana inajikunja, ukijaa, inanyooka. Ikichanika je? Unakojoa moto! Unatoka nje kila saa! Unakohoa, unalowa! Dawa hii inashona bitana. Mimi nimekunywa, toka jana choo sikijui!"

Hayo ya kujikunja na kunyooka yalikuwa kweli tupu. Aliyasikia zahanati moja huko alikotoka, siku alipokwenda kuiba glovu.

Mteja wa kwanza alikuwa Annonciata, mkulima wa Magamba aliyeuza chai pale stesheni. Alimsogelea, akanong'ona.

"Dokta, mie toka nizae wa sita, nikiimba sauti ya juu, nalowa. Nimeacha hata kwaya."

Naseeb alimwonea huruma, huruma ya kweli, mpaka alipopokea hela. Annonciata akanywa chupa nzima papo hapo. Wengine nao wakanunua, mfuko wa hela chini ya benchi ukanona. Mara Annonciata akapiga chafya.

Naseeb alimwona akijitazama kitenge kilicholowa. Lakini mama hakufoka. Alirudi na birika.

"Kunywa, dokta. Mwenye bitana nzima anaogopa chai?"

Watu wakacheka. Naseeb akanywa. Akajaziwa tena, na tena, na kila akitaka kukataa anakuta wateja wamemkodolea macho. Kwenda chooni ilikuwa ni kukiri uongo wake mbele ya watu wenye njaa na hasira za safari. Treni ikifika, ataruka na mfuko wake, basi. Lakini mvua zilikuwa zimeilegeza reli, na treni haikuonekana. Jasho likamtoka. Akakaa. Akakunja nne. Akaanza kuimba kimoyomoyo.

"Mana yanje, Mungu wangu! Treni hiyooo!" Annonciata alipaza sauti yake ya kwaya.

Vichwa vyote vikageukia relini. Naseeb akachomoka mbio kwenda nyuma ya ghala, mfuko akauacha, maana shughuli ile ilidai mikono miwili.

Alirudi mwepesi, anafunga vifungo, anatabasamu. Relini hapakuwa na treni. Chini ya benchi hapakuwa na kitu. Akina mama walikuwa wamekaa duara, kila mmoja anarudishiwa chake.

"Mfuko wangu uko wapi?"

"Upi, dokta?" Annonciata aliuliza kwa upole. "Wa hela, au wa mkojo? Maana wa mkojo tumeusikia mpaka huku, mwanangu. Bitana imekwisha yote!"

Akacheka mpaka akalowa, na safari hii hakujificha.